Magoti

Miaka thelathini na mmoja nimepiga magoti,
wala si kwa ibada tu:
nimetandaza mawe ya Mazeras
Kizingo, Tudor, Ganjoni, nyumba za wenye nazo,
jiwe la manjano, jiwe la kahawia,
jiwe lenye mishipa kama hina ya wiki ya pili.
Nayajua kwa mlio. Nikiligonga likajibu kong, ni zima.
Likisema ka, lina ufa, lirudi kwenye lori.
Lakini lilikotoka sijawahi kufika.
Mpishi hajui shamba la binzari.

Mishi, mwanangu, ndiye aliyenitoa.
"Baba, magoti hayo yatakufa hayajapanda chochote."
Tukaondoka Jomvu Kuu alfajiri, maji yamekupwa,
tope la mikoko likivuta viatu kama mdai,
tukaufuata Mto Kombeni kinyume,
sisi tukienda unakotoka, nao ukija tulikotoka,
tukipishana kila kona.

Mwanzoni si mto, ni aibu:
mifuko, nepi, tairi la tuktuk,
mbuzi amesimama katikati akifikiri.
Kisha vilima vikakaribiana polepole
kama watu wawili wenye siri,
mbingu ikawa ukanda,
ikawa utepe,
ikawa uzi.

Nyevu alitungoja chini ya daraja la reli,
mvunja mawe, kijana wa Rabai, mtaimbo begani,
ndala miguuni. Mimi na buti zangu za kuazima
nikaona haya.
"Hapa mkono kwanza, mguu baadaye," akasema.
"Na jiwe lenye kuvu usiliamini hata likiapa."
Niliamini moja. Likaniweka majini hadi kifuani.
Mishi akacheka mpaka korongo zima likacheka naye,
ukuta wa kushoto, halafu wa kulia,
halafu huko juu kabisa, mtu nisiyemjua.

Tulipanda. Sitasema uongo: tulitambaa.
Pelele akatutazama kutoka mwanyani
kama karani wa ardhi.
Bega langu likakwaruza genge, genge likakwaruza bega,
sijui nani alianza.
Macho yangu nayo, kwa mazoea, yakawa yanapima:
hapa futi mbili kwa tatu, hapa kizingiti,
hapa baraza nzima ya mtu.
Nikajiona mchinjaji aliyealikwa zizini.

Halafu penye kona, maji yanapoanguka
kimo cha mlango tu, si zaidi,
Nyevu akanyoosha mtaimbo.
"Hapa alikata babangu. Mwaka ule wa mvua kubwa.
Tabaka lote likaenda mjini."

Pengo. Mraba mweusi, mpana kama kitanda.
Na pembeni mwake jiwe lililobaki lina mawimbi,
mawimbi madogo, kidole kwa kidole,
maji yaliyopita hapa kabla mtu hajapewa magoti,
yakasahau kuondoka.
Mishi akalaza kiganja. Akanitazama.
Nami nikayajua yale mawimbi.
Nilikuwa nimeyakanyaga jana
nikitoka kwenda kuswali.

Sikuvunja kipande. Patasi nilikuwa nayo, ndiyo,
mfuko wa ndani, nimeifunga kitambaa isilie.
Ikashuka nami kama ilivyopanda.

Usiku magoti yakaumuka kama mahamri.
Asubuhi nikachota kata moja ya maji
nikaimwaga kwenye kizingiti chetu,
juu ya lile jiwe lililozidi kazi ya Kizingo,
nililolileta kwa mkokoteni Mishi akiwa tumboni.
Maji yakaingia mikunjoni, yakajipanga,
yakasita kidogo, yakakumbuka njia.
Mwanamkuu, mke wangu, akatoka na tambara mkononi:
"Wewe! Si nimepiga deki sasa hivi?"

Nikamwambia asogee kidogo,
mto unapita.